Chini ya Ngozi ya Kishikio

Tangu utotoni walimwita Siafu, kwa kuwa hakuwahi kukaa mahali pamoja hata chai yake ikapoa. Alipokuwa mtu mzima, ana mume na karakana yake, jina halikumwacha, na wiki ile alilistahili kuliko wakati wowote. Upinde wa mdogo wake ulikuwa umelala juu ya meza ya kazi tangu wiki iliyotangulia. Ulikwisha kuchongwa na kupigwa msasa ukawa laini kama shavu la mtoto. Kilichobaki ni kuupaka kitu cha kuuzuia usinywe maji. Siafu alikuwa ameshaupaka mara mbili na kuukwangua mara mbili.

"Leo umeamka na kipi?" mumewe alimuuliza bila kuinua kichwa.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu asiye na pupa, aliyeweza kukaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kubadilisha hata mguu. Chumba kile waligawana: yeye dirishani na viatu vyake, mkewe upande wa mlango na miti yake. Ngozi ya kuvika vishikio vya pinde aliikata na kuishona yeye.

"Vanishi imepasuka," alisema Siafu. Alimwonyesha kijiti alichokuwa akikifanyia majaribio. Alikikunja gotini, na ile ngozi ya vanishi ikatoa mistari midogo midogo kama tope lililokauka. "Unaona? Inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, lakini mti ukijikunja yenyewe imekakamaa. Maji yatapita hapo hapo."

"Basi paka mafuta."

"Mafuta ya kitani kwa hewa hii ya mvua hayakauki. Niliyopaka juzi mpaka leo yananata kama mtoto aliyetoka kula embe."

"Nta, je?"

"Nta! Ukiusahau juani mtu atashika upinde kama anashika kambare."

"Mchagua jembe si mkulima, bibie," mumewe alisema, akarudi kwenye soli yake.

Siafu alitoka nje, akatazama mawingu, akarudi ndani, akaufunua upinde, akaufunika tena. Akahamisha kopo la mafuta kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akalirudisha kushoto. Mumewe alimwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa na neno mdomoni lakini alilimeza, kama alivyokuwa akilimeza kwa mwaka mzima.

Maana jambo lenyewe lilikuwa la mwaka mzima. Mdogo wake Siafu alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana, na ndiye aliyewafundisha kulenga shabaha kwa upinde. Siku moja, mbele ya wanafunzi wake, alivuta upinde aliochongewa na dada yake mpaka mwisho, na upinde ukavunjika. Mkono wa juu wa upinde uliruka ukampiga shavu la kulia. Mfupa ulipasuka, na tangu siku hiyo jicho la kulia liliona vitu kama kupitia kioo chenye mvuke. Watu walipouliza ilikuwaje, Siafu alijibu haraka kabla hajafikiri: "Kifundo. Kulikuwa na kifundo cha tawi kimejificha ndani ya mti." Basi ikawa hivyo. Walimpa pole mgonjwa, wakampa pole na fundi. Mti ndio uliobeba lawama, na mti hauna mdomo.

Kifundo hakikuwapo. Siafu alipookota vile vipande aliona kwa macho yake: chini ya ngozi ya kishikio mti ulikuwa mweusi kwa unyevu, na gundi ya kuunga mti imelainika kama uji. Wiki aliyoumaliza upinde ule alikuwa na kazi ya pinde nne, mvua zimeanza, wateja wanamsimamia kichwani. Alizipaka zote vizuri, mgongo, tumbo na ncha, isipokuwa pale pa kushikia. Pale alijiambia ngozi ni nguo ya kutosha, tena nani atafunua? Vile vipande alivitia jikoni vikawa majivu kabla mtu hajaomba kuviona.

Mwaka mzima mdogo wake hakugusa upinde. Alifundisha kwa mdomo na kwa filimbi. Kisha mwezi huu alileta habari: ameanza kujizoeza kulenga kwa jicho la kushoto, anataka upinde wa kushika kwa mkono wa kulia, mshale upite upande wa kulia. "Na unichongee wewe, dada. Simwamini mwingine." Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yakimchoma Siafu kama upupu. Kila akikaa, yanamwinua.

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, kabla ya adhuhuri, alikwenda kwa mwenye duka la rangi. Huyo alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni na ushauri kwa kila mja.

"Unapaka mlango au dirisha?"

"Upinde."

"Upinde wa mishale?" Mwenye duka alimtazama juu mpaka chini. "Jirani kakukosea nini?"

Siafu hakuwa na kicheko siku hiyo. Alimweleza kwamba anataka kitu kinachozuia maji lakini kinachokubali kujikunja, maana upinde hujikunja mara mia kwa siku. Mwenye duka akaacha mzaha. Alipanda ngazi, akashusha kopo lenye vumbi. "Hii ni ya milango ya nje. Haikakamai, inakwenda na mti. Lakini usianze nayo. Anza na mafuta, yapashe moto kidogo yaingie ndani, futa yanayobaki juu, subiri. Ndipo upake hii, nyembamba kabisa, uipunguze kwa tapentaini. Nyembamba tatu ni bora kuliko nene moja." Kisha alifuta vumbi la kopo kwa kiganja na kuongeza: "Na pasipoonekana ndipo pa kuanzia. Wateja wangu wanapaka mlango mbele, wanapaka nyuma, ukingo wa chini hakuna anayeinama. Na mlango huozea chini."

Siafu aligeuka akaondoka, na mwenye duka ikabidi amwite kwa sauti arudi achukue kopo lake.

Alifanya kama alivyoambiwa. Alitia kopo la mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto, akachovya tambara, akasugua mti kwa kiganja mpaka kikaungua. Aliacha nusu saa, akafuta yote yasiyonywewa. Matambara yenye mafuta aliyaanika moja moja kwenye waya, asiyarundike, maana matambara yenye mafuta ya kitani yakilundikana hujipasha yenyewe mpaka yakashika moto. Upinde aliutundika penye upepo, akausogeza kila jua lilipohama. Jumatano mafuta yalikuwa yameshika, akapaka vanishi nyembamba ya kwanza. Hakuruka mahali. Kishikio ndicho alichoanza nacho, kabla ya mgongo, kabla ya tumbo.

Kile kijiti cha majaribio alikipaka vivyo hivyo, akakilaza ndani ya beseni la maji mpaka siku ya pili. Alhamisi asubuhi alikitoa, akakifuta, akakipima kwa mizani ya jikoni. Hakikuongezeka uzito hata chembe. Akakikunja gotini mara hamsini. Hakuna mstari.

"Basi umepata," mumewe alisema.

"Nimepata."

"Sasa mbona huketi?"

Kweli hakuketi. Alidhani kinachomhangaisha ni vanishi. Vanishi ilipatikana, na hangaiko likabaki pale pale, tena limeongezeka, maana halikuwa na kisingizio tena.

Mchana huo, baada ya vipindi, mdogo wake alikuja kupimwa kiganja. Aliingia na mkoba wa madaftari, akamsalimia shemeji yake, akaulizia habari za nyumbani, kisha akausogelea upinde kama mtu anayesogelea mbwa aliyewahi kumng'ata. Aliushika kwa mkono wa kulia. Upote, ile kamba ya kuvutia, ulikuwa haujafungwa, lakini aliuweka mbali na uso vile vile.

"Ni mzuri, dada," alisema. "Umeupaka nini?"

"Mafuta, kisha vanishi nyembamba. Bado mara mbili."

"Nami nikusaidie kidogo. Nikiupaka mwenyewe labda nitauzoea."

Siafu alimpa brashi. Wakainama pamoja juu ya meza, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wakapaka kuelekea katikati. Mdogo alikuwa akiinamisha kichwa upande ili jicho la kushoto lione vizuri, na kila alipofanya hivyo Siafu aliangalia pengine.

"Unajua," mdogo alisema huku akivuta brashi, "ajali ile haikwenda bure. Nimeigeuza somo. Kila muhula nawafundisha wasichana kusoma mti. Nawaambia, tafuteni kifundo, piteni na kidole, gongeni msikilize. Wanaijua hadithi ya kifundo changu kuliko majina yao."

Siafu aliacha kupaka. Tone la vanishi lilianguka mezani.

"Hakikuwapo kifundo," alisema.

"Nini?"

"Kifundo hakikuwapo. Sikukipaka kishikio. Chini ya ngozi niliacha mti mtupu, maji yakaingia, gundi ikaoza. Niliona siku ile ile. Nikachoma vipande."

Kwenye dirisha, nyundo ya fundi viatu ilinyamaza. Mdogo alilaza brashi juu ya kopo. Akachukua tambara, akajifuta vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka Siafu akatamani apigwe kofi yaishe. Lakini alipoinua uso hakuuliza kile Siafu alichokitarajia.

"Wiki ile ulimaliza pinde ngapi?"

"Nne, pamoja na wako."

"Tatu ziko wapi?"

Katika mwaka wote wa kujitafuna Siafu alikuwa ameliwaza shavu la mdogo wake tu. Zile nyingine zilikuwa zimemtoka akilini, au yeye ndiye alizitoa.

"Mmoja kwa mfamasia," alisema. "Mbili..."

"Mbili kwetu," mdogo alimalizia. "Shuleni. Zipi?"

"Zenye ngozi nyekundu," fundi viatu alijibu kutoka dirishani. "Wiki ile nilikuwa na ngozi nyekundu. Zote nne."

Mdogo aligeuka. "Kumbe na wewe shemeji?"

"Niliuona mti mtupu, nikamuuliza, akasema ngozi inatosha. Nikashona."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na robo."

"Saa tisa na nusu wanaanza kuvuta. Kiranja ana ufunguo wa stoo." Aliyasema hayo akiwa tayari mlangoni. Hapo fundi viatu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akiharakisha, aliruka mpaka kigoda kikapinduka, akasukuma baiskeli yake nje, akamkabidhi. Mdogo akapanda na sketi yake ya ualimu, akapotea kwenye kona.

Siafu alikimbia nyuma yake. Alikimbia na aproni yenye mafuta, akipita watu waliosimama kuuliza kuna moto wapi. Mumewe alifuata kwa mbali, kisu cha ngozi mkononi, jambo lililowafanya hao waliosimama wasiulize tena. Njia ya dakika ishirini ilimchukua kumi, na katika dakika hizo aliona shavu la mtoto wa watu likipasuka kila hatua.

Alipofika langoni alimsikia mdogo wake akipiga kelele kutoka upande wa uwanja: "Shusheni! Shusheni polepole!" Wasichana walikuwa wamepanga mstari, bila mishale bado, wakijinyoosha kwa kuvuta kamba tupu za pinde. Walishusha wakiwa wameduwaa, wakidhani wamekosea jambo. Msichana mmoja mrefu alikuwa ameshika kishikio chekundu. Alikuwa amefika nusu ya kuvuta. Alirudisha upote taratibu kama alivyofundishwa, na Siafu alizihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka mikono ya upinde ilipolegea.

Mwingine mwekundu ulikutwa stoo. Fundi viatu alifika akihema, akapiga magoti kwenye nyasi, akakata uzi alioushona mwenyewe. Ule wa stoo ulikuwa mkavu, mti mweupe, safi. Kwa dakika moja Siafu alithubutu kutumaini. Kisha mumewe akamenya ngozi ya ule wa msichana mrefu, na harufu ya ukungu ikawafikia kabla ya kitu kingine. Mti ulikuwa mweusi upana wa vidole viwili. Aliugusa kwa ncha ya kisu, na kisu kikazama kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

Msichana mrefu alijishika shavu. Mwalimu wake alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Mdogo wangu," Siafu alianza.

"Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mfamasia, jua bado liko juu. Upinde wa huyo ulikuwa umetundikwa ukutani juu ya makopo ya dawa ya kikohozi.

"Huu ni pambo," mfamasia alilalamika. "Haujawahi hata kuuona mshale. Ukiuchukua nitabaki na msumari."

"Basi tundika koti," Siafu alimwambia, akaushusha. Nao alipoumenya alikuta mkavu. Hata hivyo aliupaka, mafuta na vanishi, kama vile ungekwenda vitani.

Zikapita wiki tatu. Upinde wa mdogo ulikauka, ukapakwa, ukakauka tena, ukasuguliwa nta mwishoni ukawa na mng'ao mtulivu wa mbegu ya ukwaju. Ngozi Siafu alikataa isishonwe. Kila gari likipunguza mwendo barabarani alikwenda mlangoni. Alifagia karakana mara nne kwa siku, akazipanga tupa kwa urefu, kisha kwa unene. Mumewe alivaa shati jipya akaenda kwa shemeji yake kuomba radhi kwa upande wake. Alirudi mapema.

"Kasemaje?"

"Amenipa chai," alisema. "Neno hakunipa."

Mdogo alikuja Jumanne ya wiki ya nne, bila salamu ndefu. "Nimekuja kwa ajili ya upinde," alisema. "Sijaja kwa ajili yako."

"Ndiyo," alisema Siafu.

Mdogo aliushusha, akaupeleka dirishani, akaukagua kwa jicho la kushoto inchi kwa inchi. Alipofika kishikioni alikuta mti uko wazi, umepakwa, unateleza kidole. "Mara ngapi hapa?"

"Mafuta mara moja, vanishi mara tatu, nta juu. Hapa nilianza. Ngozi hatujaweka, shemeji yako alikuwa anangoja uone kwanza."

Mdogo alivuta kiti, akakaa mbele ya fundi viatu, akatazama kila mshono unavyoingia mpaka wa mwisho. Ndipo akasimama.

"Ijumaa uje shuleni. Uwaambie wasichana mwenyewe. Mwaka mzima nimewafundisha uongo wako bila kujua. Ukweli sitaufundisha kwa niaba yako."

Ijumaa Siafu alisimama mbele ya wasichana kumi na wanne. Miguu ilitaka kutembea, akaikataza. Aliwaambia yote, ngozi nyekundu, kifundo, jiko. Hakuongeza kwamba wateja walikuwa wanamsimamia kichwani, ingawa neno hilo lilimjia mara mbili. Alipomaliza, msichana mrefu aliinua mkono.

"Kwa nini ulivichoma vile vipande?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Yeye," Siafu alisema, akamwelekezea mdogo wake kidevu. "Nilijua atanisamehe haraka kabla sijastahili. Au hatanisamehe kabisa. Sikujua lipi baya zaidi."

Mwalimu alitazama filimbi yake. Ndipo msichana mwingine, mwenye miwani, akauliza nta inafaa kusuguliwa mara ngapi kwa muhula, na kama nta ya mishumaa inafaa. Siafu alimjibu kwamba ya nyuki ndiyo bora. Basi wakamletea pinde zote za stoo, na kwa saa nzima aliwaonyesha namna ya kukagua: mahali pa upote kukaa, ncha, kingo za ngozi, jinsi tone la maji linavyosimama juu ya mti uliolindwa na linavyozama kwenye mti uliochoka.

Wasichana walipokuwa bado wanadondosha maji na kubishana, mwalimu wao alifunga upote kwenye upinde mpya. Alisogea mstarini peke yake. Akashika kwa mkono wa kulia, akaweka mshale, akavuta. Upinde ulijikunja kimya, bila mlio, bila kunung'unika, na mshale ukaondoka, ukapita juu ya shabaha kwa kimo cha mtu, ukaangukia majani marefu karibu na ua wa shule.

Wasichana walipiga makofi kana kwamba umepiga katikati. "Msinidhihaki," mwalimu aliwaambia, na pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo.

Alikwenda kuutafuta. Siafu naye akaenda, ingawa hakuitwa. Waliinama kwenye majani, mmoja huku, mwingine kule, wakipekua kwa mikono.

"Umevuta vizuri," alisema Siafu.

"Nimevuta kama mgonjwa. Tazama huko kwako, usiangalie huku."

Siafu akatazama kwake. Walitafuta muda mrefu, na alipojikuta amepiga magoti mahali pamoja, bila haraka ya kuinuka, alishangaa mwenyewe. Mdogo ndiye aliyeuona, umejichomeka karibu na mzizi wa ua. Aliuchomoa, akaufuta udongo kwenye sketi.

"Muhula ujao uje na kopo lile," alisema akiwa ameshaanza kurudi. "Pinde zote zipakwe upya. Watapaka wenyewe, wewe utasimamia."

"Nitakuja."

"Na vishikio nitavikagua mimi."

"Vikague," alisema Siafu, akamfuata.